Ngazi Nyuma ya Antena

Fundi wa maabara ya mawasiliano hana haraka hata chembe. Kila asubuhi huzipapasa nyaya moja moja, kama mama anayempima mtoto homa, kisha huandika daftarini kila kilichomo chumbani: viti, ndoo, hata mwavuli wa mgeni. Binti mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, alikuwa akimcheka kimoyomoyo, mpaka siku alipopata matokeo ya kupigiwa vigelegele: mawimbi yenye nguvu mara mbili ya alivyotarajia. Makala ya kuyatangaza ilibaki kutumwa tu. Fundi akafungua daftari, akakohoa. “Usiitume, mwanangu. Siku ile ya vipimo niliisahau ngazi ya chuma nyuma ya antena. Nimeiandika hapa.” Akaileta, akaisimamisha palepale, mchoro wa mawimbi kwenye skrini ukapanda. Akaiondoa; ukaporomoka, na kazi ya miezi minane ikaporomoka nao.

“Lakini mzee wangu, ungenyamaza, nani angejua?”

Fundi akaitia ngazi begani. “Mimi na hii,” akasema, akaenda kuirudisha stoo. Binti akavuta karatasi safi, akatazama huku na huku, akaanza kuandika: viti viwili, ndoo moja.