Melania Aielewa Slei

Melania alikuwa fundi cherehani mtaa wa Yoba, mjini Gitega. Alilelewa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudi Burundi akiwa mtu mzima. Dada yake Jeska alipelekwa Kanada kutoka hukohuko kambini. Kiingereza chake alikiokota kwa watoto wa Jeska, waliomtumia sauti kwenye simu, na neno jipya hakuliachia mpaka ajue maana yake.

Siku moja mpwa wake Bahati alimsimulia kwamba shuleni wamepandishwa slei. Melania alirudia kuisikiliza ile sauti, asiambulie kitu. Jirani yake Husni, muuza viatu aliyezoea kufuata mizigo mpakani Kobero, alisema analifahamu.

"Hiyo neno mi naijua, dada. Slei iko kuua."

Melania akaingiwa na wasiwasi, akampigia Jeska. Jeska alicheka mpaka akakohoa. Akaeleza kwamba ni maneno mawili yenye mlio mmoja. Hili la Bahati ni gari la kukokotwa na farasi juu ya theluji, halina gurudumu hata moja.

Hapo udadisi ukamshika kweli. Mbona wasilitie magurudumu? Jeska alisema yangezama, lakini Melania hakupata picha, na neno lenyewe likawa linamponyoka: leo slei, kesho slai.

Mwezi wa nne, mvua zimekolea, alikwenda Buhinyuza, kule Muyinga, kumsalimu mama yake, Klara. Alimkuta mjomba wake Kasiano akirudisha umuvure kwa jirani wa bondeni, lile gogo refu lililochongwa kama mtumbwi, la kukamulia ndizi za pombe. Lilikuwa zito mno kubebwa, na njia ilikuwa tope tupu. Kasiano akalifunga kamba, akalivuta juu ya majani yaliyolowa. Likamfuata taratibu, bila kelele.

"Mjomba, ngoja," Melania alisema. "Nataka kukaa humo."

Kasiano alimkumbusha umri wake, lakini tayari alikuwa amekunja kitenge na kuketi.

Walikwenda vizuri mpaka karibu na migomba. Hapo mteremko ukazidi, gogo likamfukuza Kasiano, akarukia pembeni, na Melania akaishia katikati ya matuta ya viazi vitamu, tope mpaka masikioni. Klara alikuja mbio akamkuta bintiye mzima, akisema peke yake, "Slei, slei." Alikuwa ameelewa: uzito ukilala juu ya kitu kirefu, tope halikimezi. Tangu hapo neno halikumponyoka tena.

Alimweleza mama yake yote, farasi na theluji. Klara alikuwa akimfuta shingo kwa ncha ya kanga.

"Na huyo farasi," aliuliza, "wakiteremka, hagongwi miguu?"

 Hilo Melania hakuwa amelifikiria. Kasiano, aliyekuwa anatoka migombani akichechemea, alisema hata yeye angependa kujua.