Maharagwe ya Niyonshuti

Naanza kwa kusema ukweli: mwanzoni sikumpenda Niyonshuti. Kazi yake ni kuzunguka mitaa ya Gisenyi kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akiwafundisha watoto wenye viungo vigumu kula, kuvaa na kushika vitu. Kwetu alimfuata Keza, mjukuu wangu wa miaka minne, ambaye mikono yake imekakamaa tangu kuzaliwa. Mama yake huvuka mpaka wa Kongo alfajiri kuuza nyanya Goma, kwa hiyo mtoto ni wangu kutwa nzima.

Shule ya chekechea ya mtaani ilituambia wazi kwamba itampokea Septemba, mradi awe anakula uji wake mwenyewe. Hawakuwa na mtu wa kumlisha.

Basi Niyonshuti akauzungushia mpini wa kijiko vipande vya mpira wa baiskeli ili unenepe, akamshikisha Keza, kisha akakaa anatazama. Uji unamwagika kifuani, mtoto analia, yeye katulia tu! Nikasema moyoni, huyu hajazaa. Tangu siku hiyo nikawa namshibisha Keza kabla mgeni hajabisha hodi. Nani anataka watu wamwone mjukuu wake akihangaika na njaa?

Aligusa tumbo la mtoto mara moja tu, akajua. Hakunigombeza. Alipokuja tena, chai yangu hata haijachemka, alibeba kapu la maharagwe mabichi kutoka shambani kwao Kanama. Akamkalisha Keza nyuma yangu na bakuli lake, akaniomba nimsaidie kumenya. Asubuhi tatu kila wiki, miezi miwili, kapu na mimi. Nikamsema kwa majirani wote kwamba binti huyu kanigeuza mpishi wake.

Siku moja nikachoka, nikamuuliza kama kwao hawana mikono. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, kwetu mikono iko. Yako ndiyo sikujua niiweke wapi, Keza akila."

Nikageuka. Bakuli lilikuwa tupu, na kijiko bado kimo mkononi mwa mtoto. Nililia, sioni haya kusema. Yule binti alinisoma mimi kwanza, ndipo akamsaidia mtoto, na wala hakunitia aibu hata mbele ya majirani niliomsengenya kwao.

Septemba Keza akaanza shule. Saa ya uji nilikuwa nje ya dirisha la darasa, kapu la maharagwe mkononi, maana najijua. Kijiko kilimponyoka, uji ukamwagikia sare mpya. Mwalimu, kwa roho yake nzuri, akaketi haraka kando yake, akakitwaa kijiko ili amlishe.

Niliingia bila hodi, nikamwaga kapu zima mapajani kwake.

"Mwalimu, nisaidie kumenya haya."

Akakiachia kijiko kando ya bakuli, akayadaka maharagwe yasimwagike. Keza akanyoosha mkono wake mgumu, akachukua kijiko chake.