Mokami na Ufunguo wa Mwanga

Malori ya kokoto bado hayajaanza kupita Kewanja, na Mokami Wangwe ameshafuta miwani ya kliniki, ameirudisha mahali pake, na sasa anaifuta tena. Ni miwani mipana yenye vioo vya kijani. Anainua moja mbele ya dirisha, anatafuta mkwaruzo, anaiweka, anakwenda mlangoni, anaangalia barabara inayotoka Genkuru, anarudi.

"Kama pikipiki," anasema.

Ni muuza maziwa.

Mokami ni mhudumu wa kliniki ndogo ya meno iliyo nyuma ya maduka ya vipuri hapa Kewanja, wilayani Tarime. Aliishia darasa la saba. Alianza kwa kupiga deki, akahamia kuchemsha vyombo, na tangu daktari wake, Selestine Orwa, aliponunua mashine ya leza, yeye ndiye anayeiandaa. Humvalisha miwani kila anayeingia, kwa kuwa mwanga ule ukimpata mtu jichoni unaweza kumpofusha. Wachimbaji wa dhahabu huwavua mikufu inayong'aa. Kisha hushika mpira wa kunyonya mate na moshi, daktari akikata.

"Moshi wenyewe unanuka kama nywele zilizoungua," anasema. "Mwanzoni nyama ilinishinda kula."

Mwanga huo hukata fizi iliyovimba, au nyama iliyofunika gego la mwisho, na damu huwa kidogo kuliko ya kisu. Kazi ikiisha, ufunguo wa mashine hurudi shingoni mwa Mokami, kwenye uzi mmoja na ufunguo wa nyumba yake.

Uzi huo ndio uliomletea mtihani.

Mashine ilipofika, gari la matangazo lilizunguka mnadani likisema umekuja mwanga unaotibu kinywa bila kisu. Akina mama wakasikia, wakakumbuka shida yao. Huku, mtoto mchanga akiharisha na mwili kuchemka, wapo wanaomfunua mdomo, na wakiona weupe umetuna chini ya fizi husema ni meno ya plastiki, ndiyo yanayomuua. Yupo mtu wa kuyang'oa, kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Weupe huo ni meno ya mtoto mwenyewe, ambayo hayajatoka.

Sasa wakaulizana: kama mwanga upo, spoki ya nini?

"Wakaanza kuja na watoto mgongoni," anasema Mokami. "Ukiwaambia hakuna kitu hicho, wanaona unawabania."

Wiki iliyopita alikuja Bibi Rhobi wa Genkuru, pamoja na Beatrice, mke wa mwanawe. Beatrice alikuwa amembeba Werema, mtoto wa miezi saba. Daktari Selestine alikuwa amekwenda Tarime mjini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Tumefuata ule mwanga."

Mokami alimtazama mtoto kwanza. Utosi ulikuwa umebonyea. Alikuwa analia, machozi hakuna. Akawaambia huyu amekaukiwa maji, ni wa kituo cha afya, tena sasa hivi.

"Kituoni watampa maji," Bibi akasema. "Maji yanang'oa plastiki?"

"Bibi, hayo ni meno yake."

"Wewe udaktari umesomea wapi, kwenye ndoo ya deki?"

Benchi zima la wagonjwa likacheka. Mokami anasema hata yeye nusura acheke, maana ndoo ni kweli. Ndipo Bibi akamnyooshea kidole shingoni.

"Ufunguo si huo hapo? Washa tu, mwanangu. Usipowasha, yule wa spoki yuko njiani tunaporudi. Yeye kuku mmoja anamtosha."

Mashine ile ina kidoa chekundu cha mwanga, cha kulengea tu, ambacho hakichomi chochote. Mokami angeweza kukiwasha, akakipitisha kwenye fizi za mtoto, akasema tayari yametoka, kisha akawasindikiza kituoni. Bibi angeridhika. Mtoto angepona.

"Mkono ulishafika kwenye uzi," anasema. "Nikajiuliza, na kesho je? Kesho Genkuru nzima itasema mwanga unatoa plastiki. Hao wa kesho hawatapita kituoni. Watamulikwa, watarudi nyumbani, watoto watafia huko."

Anayajua anayoyasema. Mtoto wa dada yake aling'olewa kwa spoki, fizi zikaoza. Walimzika kabla hajajua kukaa.

"Nikamwambia, bibi, siwashi. Ila nakwenda na nyie."

Alifunga mlango, wagonjwa wakabaki nje wananung'unika, mmoja shavu limemvimba kama kitumbua. Akapanda pikipiki nyuma ya Beatrice. Bibi alichukua ya kwake, akisema hapandi mshikaki na mwanamke mbishi. Walipofika kituoni, nesi alimtazama Mokami kichwani akamuuliza siku hizi anachomelea mageti ya nani. Miwani ya kijani ilikuwa bado iko kwenye paji la uso.

Werema alipimwa, akakutwa na malaria, akatundikiwa dripu. Mungu akamrudishia uhai. Lakini siku ya kuruhusiwa, Bibi Rhobi aliacha neno ambalo Mokami amelala nalo na kuamka nalo.

"Kupona amepona," alisema. "Plastiki bado yamo. Siku ya mnada nitapita kwako. Nisipopita, ujue nimekwenda kwa yule."

Leo ni siku ya mnada.

Daktari Selestine anaingia, anamkuta na kitambaa mkononi. "Dada Mokami, utaitoboa hiyo miwani." Hakumlaumu kwa kufunga kliniki, na gari la matangazo amelisimamisha. Anasema alidhani anatangaza dawa, kumbe ametangaza tumaini la watu wengine kabisa.

Mgonjwa wa kwanza ni mchimbaji. Mwanga unawaka, moshi unapanda, Mokami ameshika mpira wake, lakini sikio liko barabarani. Daktari anamwambia sogeza, anasogeza. Anamwambia tena. Ng'ombe wanapita kwenda mnadani, vumbi linaingia hadi ndani. Baadaye watu wanaanza kurudi na mizigo yao. Ugali wake umepoa kwenye hotpoti. Midomo inacheza, anasali, kisha anainuka tena kuchungulia.

Jua limeshapinda Bibi Rhobi anapoingia. Yuko peke yake.

Mokami anasahau hata shikamoo. "Mtoto yuko wapi?"

"Si anakuja na mama yake? Miguu yangu ndiyo yao?"

Beatrice anatokea, mtoto kafunikwa kanga. Mokami ananawa, anavaa glavu, anaifunua kanga, anaufungua mdomo kwa kidole kimoja. Fizi ni nzima. Chini, mbele, vimechungulia vijino viwili vyeupe kama punje za mchele.

"Sijasema nimekubali," anasema Bibi. "Nilisema nitapita. Nimepita."

"Nawa mikono, bibi, uweke kidole."

Bibi ananawa taratibu, kama anayepewa adhabu. Anaingiza kidole. Werema anafunga mdomo kwa nguvu. Bibi anakunja uso, anakichomoa, anakigeuza huku na huku.

"Kameniuma," anasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Plastiki haiumi hivi."

Beatrice anacheka. Mokami anakaa kwenye benchi, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ana mpango, anasema. Siku ya watoto kupimwa uzito kule Genkuru, amemwomba nesi ampe nafasi azungumze na akina mama, aeleze mwanga unatibu nini na hautibu nini. Kinachomsumbua ni kwamba hajui nani atamsikiliza mtu wa ndoo ya deki.

"Hawatakusikiliza," anasema Bibi Rhobi, akipangusa kidole kwenye kanga. "Utakuja na mimi, na huyu. Asiyeamini aweke kidole."