Sikio Halikuwamo Kwenye Video

Binti yangu alifikisha miaka sita bila kuniambia hata mara moja kwamba anaumwa. Homa niliijua kwa kumshika paji la uso. Mwiba niliuona siku ya tatu, nikimwogesha, kidole kimeshatunga usaha. Maumivu yakimzidi alilia na kujing'ata mkono, nami nilimpapasa kuanzia utosini kwenda chini, nikibonyeza huku namtazama usoni. Mara nyingi sikupata kitu. Alinyamaza mwenyewe, nikabaki sijui kilichopita mwilini mwake ni kitu gani.

Hospitali walikuwa wameshatuambia ni usonji. Tunakaa Kagongwa. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwetu. Mume wangu anashuka mashimo ya dhahabu upande wa Bugarama, anarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mama mkwe anaishi nasi, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba simu ndiyo iliyomla mtoto ulimi.

Mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu, kule Kahama, aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Anapenda simu?"

"Kupita kiasi, mwalimu. Ndiyo aibu yangu."

"Basi mfundishe humohumo. Rekodi video fupi, jambo moja tu. Mtu anaomba maji, anapewa, anakunywa. Mwonyeshe, kisha fanyeni hivyohivyo papo hapo, wewe na yeye."

Nilimrekodi binti wa dada yangu, mwenye miaka kumi. Alisimama mbele ya ndoo, akakohoa kidogo kwa haya, akasema, "Naomba maji." Tulionyesha video hiyo asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya nne mwanangu alisimama mbele ya ndoo ileile, akakohoa, akasema, "Naomba maji." Mpaka kikohozi alikiweka. Nilimpa maji, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia nikiwa nimejiziba mdomo kwa kanga.

Mama mkwe hakuridhika. "Huyo anaigiza simu," alisema. "Kuongea na wewe bado."

Nilikasirika, kwa sababu hofu hiyo nilikuwa nayo mwenyewe.

Tukaendelea. Choo, viatu, shikamoo. Halafu nikarekodi ile niliyoitaka tangu mwanzo, ya maumivu. Binti wa dada yangu alijishika tumbo, akainama, akasema, "Mama, tumbo linauma." Mimi nikaingia, nikampakata, nikamsugua tumbo taratibu. Hapo ndipo nilipokosea. Mwanangu aliipenda sehemu ya kupakatwa. Baada ya siku chache alikuwa anakuja barazani mara kumi na tano kwa siku: "Mama, tumbo linauma," kwa sauti ya binamu yake, macho yakiwa kwenye gurudumu la cherehani.

Mara ya kwanza nilikimbia naye kituo cha afya. Tumbo laini, homa hakuna. Mara ya pili nesi alinitazama kwa huruma iliyochoka.

"Mama, mtoto mzima huyu. Unajimaliza bure."

Nilirudi nikiiogopa video yangu mwenyewe. Nilimpa mtoto neno moja la kuombea msaada, na tayari lilikuwa limechakaa. Je, siku tumbo likiuma kweli? Nilimpigia mwalimu, nikamwambia nataka kuifuta.

"Usifute. Kila akisema, mwitikie. Na urekodi sehemu nyingine, kichwa, jino, mguu, ili ajue kutofautisha."

Nilisema sawa, lakini kulikuwa na magauni ya harusi ya kumaliza. Sikurekodi.

Alhamisi moja asubuhi alikuja akasimama karibu na goti langu. "Mama, linauma."

"Pole, mwanangu," nikasema, nikaendelea na pindo.

Akaondoka, akarudi. "Linauma."

Nikamwekea kiganja tumboni, kama kwenye video. Akakiondoa. Akakishika kwa mikono yake miwili, akakipandisha hadi kwenye sikio la kushoto, akakigandamiza hapo. "Linauma."

Nitasema ukweli: nilidhani anacheza. Mama mkwe, aliyekuwa mkekani akichambua choroko, aliuliza, "Tena?"

"Tena, mama. Ila sasa anaonyesha sikio."

"Kule kituoni watakucheka."

Nilichukua simu, nikatazama video zetu zote, moja baada ya nyingine, zote kumi na moja. Nilitafuta mahali ambapo mtu yeyote amegusa sikio. Hapakuwepo. Nilizima simu, nikaita bodaboda.

Nesi alikuwa yuleyule. "Tumbo?"

"Sikio."

Tabibu alitaka kuchungulia kwa taa yake, lakini mtoto alipiga kelele na kujitupa chini. Wakasema akamatwe na watu wanne. Nikaomba dakika moja. Nilimsihi tabibu achungulie sikio la nesi kwanza, mimi nikirekodi. Nesi alicheka, ila akakaa. Nilimwonyesha mwanangu video hiyo hapohapo sakafuni, mara tatu, mara tano. Kwenye foleni watu walianza kunung'unika. Mara ya sita aliinuka mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha nesi.

Tabibu alichungulia kwa muda mrefu.

"Kuna kitu humu," alisema hatimaye. "Na usaha umeanza."

Kukitoa hakukuwa rahisi. Mwishoni tulimshika, na kilio chake nakisikia mpaka leo. Kitu chenyewe kilitoka kwenye jaribio la pili. Kilikuwa ushanga mweupe, wa yale magauni ya harusi. Wangu mwenyewe. Ulimkaa sikioni siku ngapi, sijui. Kabla ya siku hiyo alikuja kwangu mara ngapi nikamsugua tumbo nikidhani anataka kupakatwa, hilo pia sijui.

Nilimpigia mume wangu. Akauliza, "Alisema mwenyewe? Siyo simu?"

"Mwenyewe."

Wiki iliyofuata tulirekodi kichwa, mguu na jino. Ya jino aliicheza mama mkwe, ameshika shavu, bila mimi kumwomba.

Sitasema kwamba sasa nina amani. Anasema sikio, anasema jino, siku nyingine vyote kwa mfululizo, na siwezi kujua kwa sauti yake lipi ni kweli. Kila mara nasimamisha cherehani, nawasha tochi ya simu, nachungulia. Mara nyingi hakuna kitu. Jana alisema goti. Nikalikunjua, nikalitazama pande zote, nikamwambia, "Nimeona, mwanangu, halina kidonda." Akanitazama kidogo, akaenda zake.