Gari ya Dada na Mashine ya Salfa

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akikaanga korosho kwenye kipande cha debe alichokitoboa kwa msumari. Sisi wajukuu tulikaa mbali, upande upepo unakotoka, maana moshi wa maganda ya korosho ukikukuta usoni utaamka kesho macho yamevimba kama umepigwa. Ganda la korosho lina mafuta makali. Likipata moto linatema, halafu debe zima linashika. Hapo ndipo ulipomjua bibi. Hakukimbia, hakupuliza. Alihesabu kwa midomo bila sauti, kisha akalivuta debe kwa mti mrefu, akalipindua chini na kulifukia mchanga. Akiwahi, korosho mbichi. Akichelewa, mkaa. Siku moja kaka yake mmoja, mtu wa kujifanya anajua, alichukua ungo akaanza kuupepea moto ili uzime. Nyusi zake hazikuota sawasawa mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu. Bibi alisema neno moja la Kimakonde ambalo sitaliandika, maana wajukuu zangu wanajua kusoma.

Sijui kwa nini nimeanza na bibi. Nilikaa niandike habari za gari. Lakini ndivyo kichwa changu kinavyokwenda, na shule nimeishia darasa la tatu, hakuna aliyenifundisha kupanga maneno.

Nilichofundishwa ni injini, na aliyenifundisha ni mzee mwenye mashine ya kusaga pale Kitaya. Injini ya dizeli, silinda moja, na pembeni pipa la maji la kuipoza. Geji haikuwepo. Mzee alinishika mkono akaubandika kwenye pipa, akaniambia nisome Alhamdu. Mkono ukivumilia sura nzima, saga. Ukiutoa katikati, simamisha, hata kama foleni ya kina mama imefika barabarani. Wao walitukana, yeye alikaa anatafuna muhogo. Mashine ile ilisaga miaka na miaka, tulimzika yeye, yenyewe ikaendelea. Viganja vyangu mpaka leo ni vigumu kama soli, na kuna siku nilisoma Alhamdu haraka haraka nikajidanganya mwenyewe, nikala kofi. Kofi la haki.

Sasa gari. Ilikuwa gari ndogo nyeupe ya Kijapani, ya kwangu, nimeiendeshea teksi Mtwara mjini mpaka macho yalipoanza kuniletea watu wawili pale aliposimama mmoja. Nikampa mpwa wangu, mtoto wa dada. Nasema mtoto, lakini ni mtu wa miaka arobaini, ana ndevu na tumbo. Sharti lilikuwa moja tu: kila mwezi, siku ya kliniki, amchukue mama yake Kitaya amlete mjini. Dada yangu ana presha na sukari, miguu imevimba, na barabara ile kwa pikipiki ni kama kumfunga mtu kwenye chekecheke. Kwetu neno la mjomba linatosha. Alitimiza miaka miwili bila kosa. Halafu akaingiwa na ugonjwa wa mbio.

Nje ya mji, ukipita Mtawanya, kuna yadi kubwa ya lami waliyoiacha watu wa gesi walipoondoka. Pale wanaume wazima wamepaka chokaa matairi machakavu, wakayapanga duara, na kila Jumapili wanazunguka. Wanazunguka, wanarudi walipoanza, wanapongezana. Mimi nimewahi kuona mbuzi aliyefungwa kwenye kamba akifanya hivyo hivyo, hakuna aliyempigia makofi. Gari zinanguruma hadi msikitini hawasikilizani, na ukiuliza imekwenda wapi, haijakwenda popote.

Mpwa wangu akaanza kuibadilisha gari ile. Akafunga tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini upepo. Akatoa themostati, kile kilango kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta, eti nchi ya joto haina haja nayo. Mafundi wote hapa wanasema hivyo, na wote wanakosea. Kwenye injini kama ile, ukiitoa, maji mengine yanapita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kufika kwenye rejeta yakapozwe. Niliwaeleza. Walinisikiliza kama mtu anavyosikiliza jogoo. Mbele ya rejeta wakabandika rejeta nyingine ya kupoza upepo wa tabo, kwa hiyo ile ya maji ikawa inapumulia mgongoni mwa mwenzake. Ndani ya rejeta, maji ya kisima yenye chumvi. Viti wakavitoa gari iwe nyepesi. Siku ya kliniki kimoja kinarudishwa kwa boliti mbili, dada anakaa anayumba kama yuko kwenye ngalawa. Hata vitasa vya milango wakavitoa. Vitasa. Kilo ngapi kitasa? Mwenye tumbo lile alikuwa anaingia kwa dirishani kama mwizi, na kumfungulia mama yake kwa kuvuta kamba ndani.

"Mjomba, hii sasa ina farasi mia tatu," aliniambia siku ya kwanza.

"Wanakunywa wapi?"

"Nani?"

"Farasi wako. Rejeta ni ile ile ya kwangu, na mimi nilikuwa na farasi mia na mzigo wa samaki."

Akacheka. "Mjomba, umepitwa na wakati. Kuna mtaalamu."

Mtaalamu mwenyewe alikuwa kijana wa Dar, kofia imegeuzwa nyuma, kompyuta mapajani muda wote. Injini hakuigusa hata siku moja. Alikuwa anaiangalia kwenye kioo, kama mtu anayeposa kwa picha. Kwenye dashibodi walikuwa wamebandika kioo chao kipya juu ya mshale wa zamani wa joto. Kikiwa kijani ni salama, kikiwa chekundu ni hatari.

"Shikamoo mzee wangu. Temperecha tunaisoma hapa."

"Marahaba. Sensa mmeiweka wapi?"

"Juu, kwenye bomba la kurudi."

"Maji yakipungua itasoma nini?"

Akanitazama, akamtazama mpwa wangu. "Mzee ana maswali huyu," akasema, akarudi kwenye kioo.

Ningewaacha. Nilikwenda kwa sababu ya ile Jumapili moja, ambayo kesho yake, Jumatatu, ilikuwa kliniki ya dada. Dawa zilikuwa zimebaki za siku mbili. Nilikwenda kuilinda injini, basi. Nikamwambia mpwa: kimbia utakavyo, lakini kila mizunguko mitatu ya nguvu, mmoja wa polepole, upepo upite. Ukisimama usizime, maana tabo ikiwa nyekundu na injini ukaizima, oili inaungulia ndani yake. Fungua boneti, iache ingurume taratibu, mimi nitashika kiganja. Mpaka nimalize Alhamdu, huondoki.

Walicheka, hasa yule wa Dar. "Tunatumia kipimo cha kiganja leo," akawatangazia wenzake, "kina programu ya Kiarabu." Wakaangua kicheko, wengine wakaja na simu kunipiga picha mkono ukiwa juu ya tangi la rejeta. Sikujali. Mara ya kwanza nilifika katikati ya sura, nikautoa, tukangoja. Mara ya pili tukangoja zaidi. Lakini mizunguko ilikwenda na gari haikuchemsha, wakati nyingine mbili zilikuwa tayari pembeni zinafuka kama mabirika. Hata mtaalamu aliacha kunitania. Alianza kuniambia "mzee" bila ile "wangu".

Ikabaki raundi ya mwisho, na mpwa wangu alikuwa wa pili. Aliporudi kutoka raundi ya kabla yake, tabo ilikuwa inaonekana kwa chini, nyekundu kama jicho la mtu aliyekesha. Nikabandika kiganja. Sikufika hata mstari wa tatu.

"Ngoja," nikamwambia.

"Mjomba, wanaita sasa hivi."

"Waache waite. Kesho mama yako anakwenda wapi na nini?"

"Anakwenda na hii hii. Tulia." Kisha akamgeukia wa Dar. "Ile kitu ipo?"

Wa Dar akaenda nyuma ya pikapu ya mtu, akafunua turubai. Nikaona mashine ya salfa. Mashine ya mgongoni, yenye injini ndogo na bomba refu, ya kupulizia mikorosho unga wa salfa maua yasiungue kwa ukungu. Ina upepo mkali, hilo kweli. Mtu ukimwelekezea bomba inamvua kofia. Wakaona, kwa akili yao, hiyo ndiyo feni ya kupoza injini kwa dakika moja.

Nilichelewa kuitambua. Kifuniko chake kilipasuka msimu uliopita nikakifunga kwa kipande cha kanga ya mke wangu, kanga ya njano yenye mikungu ya ndizi. Nilipoiona kanga ndipo nikajua. Ni yangu. Mpwa alipita nyumbani asubuhi nikiwa sipo, mke wangu akampa akidhani nimemtuma mimi.

Na hapa niseme ukweli, maana nimewasema sana wengine. Tangi lilikuwa na unga zaidi ya nusu. Mimi ndiye niliyeuacha. Msimu ulikuwa haujaisha, tunapulizia alfajiri wakati wa umande, na mtu mwenye mikorosho hamwagi salfa aliyobakiza ili mashine ionekane safi. Kila mkulima wa hapa anajua hivyo. Kila mkulima, akiiazima mashine ya mwenzake, jambo la kwanza anatikisa tangi. Huyu mpwa wangu amezaliwa chini ya mkorosho, amelipiwa ada na mkorosho, na hakutikisa.

"Acha," nikasema, "ina unga hiyo," lakini mpwa alishajitoa dirishani akavuta kamba, na mashine ile ikishawaka hakuna anayesikia kitu. Akaingiza bomba chini ya boneti, akaifungulia mafuta yote.

Likatoka wingu la njano. Kwa muda mfupi watu walifurahi, walidhani ni shamrashamra. Unga ukajaa kwenye rejeta zote mbili, ukaziba kila tundu kama ugali kwenye chujio, na mwingine ukaangukia tabo. Salfa ikikuta chuma chekundu haina mjadala. Ikashika. Moto wake mchana huuoni vizuri, ni wa buluu, lakini harufu yake inakuingia puani kama sindano. Watu walikimbia wakikohoa, macho yanatoka maji, mmoja amejifunika uso kwa bendera yao ya mashindano. Mpwa wangu alitupa mashine chini akakimbia mbele ya wote. Mbio nilizozitazama siku nzima hazikufikia zile.

Na injini ilikuwa inaunguruma, kwa maagizo yangu mwenyewe, isizimwe. Rejeta zimeziba, feni inavuta salfa. Nikavua shati, nikalilowesha kwa kidumu changu cha maji ya kunywa, nikajifunga pua, nikaenda kuizima. Nilikwenda upande wa dereva, nikapapasa kitasa. Kitasa hakuna, na ile kamba iko upande wa abiria, kioo chake kimefungwa. Dirisha nalo ni la kuingilia mtu mwenye kiuno, na mimi kiuno changu hakijapinda tangu mwaka juzi. Niliingiza mkono, vidole vikawa vinaishia kwenye usukani. Ufunguo ulikuwa mbele kidogo, nauona, kijikamba chake bado kile kile chekundu alichokifunga dada.

Maji yalianza kutoka kwa kishindo, mvuke mweupe katikati ya moshi. Nikatazama kile kioo chao. Kijani. Maji yalikuwa yameisha, sensa imebaki hewani inapima mvuke, na inawaambia wote mambo ni mazuri. Niliendelea kupapasa mpaka kifua kikakataa, nikatoka. Injini ilianza kugonga, kwanza kama mtu anayebisha hodi, halafu kama mtu anayevunja mlango. Ikazimika yenyewe.

Moto wa salfa ulikula unga wake ukaisha. Tuliporudi nikachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa imechanganyika na maji, imekuwa kama chai ya maziwa. Gasketi imeungua, hedi imepinda, na kwa kule kugonga nilikokusikia, hata chini hakuna kilichopona. Nikakipangusa kijiti, nikakirudisha mahali pake. Sijui kwa nini nilikipangusa.

Mpwa wangu akaja, macho mekundu, anavuta kamasi.

"Mjomba, lakini uliiona ile raundi? Nilimkaribia yule."

Nikafungua shati puani, nikalikamua.

"Tatizo ni upepo tu," wa Dar akasema huku akifuta kompyuta yake vumbi la njano. "Tungepata feni safi, tulikuwa tumeshinda."

"Kweli," mpwa akasema. "Mjomba, Jumapili ijayo njoo na mashine yako, lakini uioshe kwanza. Gari nitaazima."

"Na kesho?"

"Kesho nini?"

Akakumbuka, nikaona anavyokumbuka, kama mtu anayetafuta pesa mfukoni akijua haipo.

"Aa, mama. Si atapanda boda, mjomba. Mara moja kwa mwezi haitamwua."

Niliinama nikaokota mashine yangu. Nikatikisa tangi, ulibaki unga wa mikorosho miwili mitatu. Nikafunga kanga vizuri, nikaivaa mgongoni, nikapita katikati ya matairi yao ya chokaa kuelekea barabarani, bila shati. Waliniita mara mbili, ya pili wakicheka. Sikugeuka, na pale sijakanyaga tena.