Meno ya Hingano na Haraka ya Baba Yake

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Pauliasi Kivalu amepiga magoti mbele ya tarumbeta. Anachungulia ndani, anadumbukiza gololi ya chuma, anatikisa, anagonga kwa nyundo ya mpira, kisha anasikiliza. Bonde lililokuwa ubavuni mwa tarumbeta linapungua kidogo kidogo. Nyuma yake pikapu ya mtu imekaa bila madigadi, nayo inasubiri zamu yake.

"Hii iliangushwa kwenye gwaride," anasema. "Tena na mtu mzima. Watoto wanashika vyombo vizuri kuliko wazee, mimi nakwambia."

Pauliasi, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ni fundi wa kunyoosha bodi za magari katika kijiji cha Haʻateiho, kisiwani Tongatapu. Mlango wa gari uliobonyea humpatia paʻanga mia na hamsini, ndiyo fedha ya kwao, na mwenye gari akilia sana, mia. Tarumbeta, tromboni na yale madude ya besi ya bendi ya kanisa humpatia viazi vikuu, na mwaka mmoja walimpa nguruwe mzima. Kwa miaka kumi na sita hakuna chombo cha bendi hiyo ambacho hakijapita mikononi mwake.

Kupiga, hajui hata wimbo mmoja.

"Usicheke," anasema, huku mwenyewe akicheka. "Nilipokuwa mdogo waliniambia ngoja kidogo. Nikangoja. Nilipofika umri wenyewe, nafasi zimejaa. Ngoja tena! Nikapewa kitambaa nifute vyombo vya wenzangu. Ndiyo hivyo, ndugu yangu, mpaka leo nafuta."

Basi binti yake wa pekee, Hingano, alipoanza kuokota kikombe cha kupulizia, kile kipande kidogo cha tarumbeta kinachowekwa mdomoni, na kukipuliza kutwa nzima, Pauliasi aliapa kwamba huyu hangoji. Hingano alikuwa na miaka sita kasoro miezi miwili. Kwanza akampeleka kwa mzee ʻAisea Moala, kiongozi wa bendi.

Mzee ʻAisea hakumuuliza mtoto jina wala hakumpa chombo. Alimwambia, "Fungua mdomo." Akamshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga.

"Meno ya maziwa," akasema. "Hayo ni wapangaji, leo wapo kesho wamehama. Yakiota manne ya mbele ya ukubwani, mlete."

"Lini hiyo, mzee?"

"Miaka saba, minane. Meno hayana kalenda, Pauliasi."

Kwa mzee ʻAisea angeweza kubembeleza. Mtihani ulikuwa kwa dada. Toakase ni dada yake mkubwa, na kwao mambo ya mtoto, kuanzia jina hadi harusi, mwenye neno la mwisho ni shangazi. Kaka hambishii dada yake. Hata kuketi naye chumba kimoja wakapiga soga hawezi, ni utovu wa adabu. Likiwepo jambo, hupitia kwa mke.

Na Toakase, anayefundisha watoto kuimba kila Jumatano, alikwisha kusema lake kwa mke wa Pauliasi, Meliame. "Wifi, mtoto aanze sasa, ila aanze kwa sauti yake. Ajue kwanza wimbo unapanda wapi na unashuka wapi. Vyombo baadaye."

Hingano akaanza. Nyimbo zao za kanisani huandikwa kwa tarakimu, na ngazi ya sauti huanzia tatu ikaishia tisa. Mtoto alizinywa zote kwa wiki mbili. Kilichofuata kilimshangaza mwalimu wa chekechea, alipomwambia ahesabu makombe mezani.

"Tatu, nne, tano, sita," akahesabu Hingano.

"Moja na mbili ziko wapi, mwanangu?"

"Hizo haziimbwi."

Meliame bado anacheka akilisimulia. "Nikampa biskuti nne, akaniambia asante mama kwa biskuti sita. Nimsahihishe ili iweje? Nilitoa nne, nikashukuriwa sita!"

Lakini Pauliasi hakuona kichekesho, aliona ushahidi. Mtoto ana akili ya muziki mpaka hesabu zimempotea, halafu aambiwe asubiri meno! Tena zilibaki wiki tano tu kufika Faka Mē, Jumapili ya watoto, ambapo kila mtoto husimama mbele ya kanisa zima na kitu chake. Akilini alikwisha kumwona Hingano amesimama na tarumbeta. Usingizi wenyewe ukawa wa kubahatisha.

Akafanya ambalo mwanaume mwenye adabu zake hafanyi. Alichukua tarumbeta ndogo ambayo bendi iliikatia tamaa, akainyoosha vizuri, na kila saa kumi na moja jioni akawa anaingia na Hingano ndani ya gari la mteja, wanapandisha vioo, wanafunga milango, somo linaanza.

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya kulisha nguruwe. Siku ya tatu nguruwe wakalizunguka gari, wakidhani mlio ule ni wito wa chakula. Siku ya sita walifika kumi na mmoja, na wa nyumbani kwake ni wanne tu.

Toakase naye nyumba yake haiko mbali. Jioni moja alisimama barabarani na kapu lake la magimbi.

"Wifi, hilo gari linafanywa nini?"

"Wanajaribu honi, wifi," akajibu Meliame.

"Siku ya tisa hii, honi moja?"

"Ni honi ngumu."

Toakase akatazama nguruwe, akatazama gari lenye vioo vilivyofunikwa na mvuke, akaenda zake. Meliame anasema alitamani ardhi immeze.

Siku ya kumi honi ikagoma. Hingano alipuliza mpaka akawa mwekundu, wapi! Pauliasi, fundi wa watu, akachukua kikombe cha kupulizia, akachungulia. Tundu limezibwa na jino. Lilikuwa la chini, lililokuwa likicheza tangu Jumapili, na kule kukandamiza kwa nguvu kulikuwa kumeling'oa. Alipoinua macho, mwanawe alikuwa na damu kidevuni, anatazama mikono yake.

"Sitaki tena!" akapiga kelele. "Sitaki tarumbeta, sitaki nyimbo, sitaki!"

Jumatano akagoma kwenda kuimba. Huyu ni mtoto aliyekuwa akiimba akila, akiimba akioga, akiimba akikatazwa. Siku nne hakutoa hata sauti moja, na ukimwomba ahesabu anaanza na moja kama watoto wengine.

Pauliasi anaiweka nyundo chini anapofika hapo. "Niliogopa, sikufichi. Niliogopa kuliko siku alipougua homa. Mimi walininyima muziki, sawa, nikabaki nautamani. Yeye nimemfanya auchukie. Kwa haraka yangu mwenyewe."

Jumapili baada ya ibada hakurudi nyumbani kula. Alivaa mkeka wa kiunoni, ule mkubwa wa kwendea msibani, akaenda kuketi kwenye nyasi mbele ya nyumba ya dada yake, kichwa chini, kama wanavyoomba radhi kwao. Meliame akaingia ndani kueleza. Dirisha lilikuwa wazi, na Toakase hakupunguza sauti.

"Wifi, huyo aliyeketi nje ni nani?"

"Ni mume wangu."

"Amekuja kujaribu honi?"

Nje Pauliasi akazidi kuinamisha kichwa. Meliame akasimulia yote, jino na damu na ukimya wa mtoto. Akasema pia lile ambalo mumewe hakuwahi kumwambia dada yake, la kuambiwa angoje mpaka nafasi zikajaa.

"Mtoto aletwe Jumatano," akasema Toakase. "Asiambiwe imba. Aketi na wenzake, ale biskuti, arudi kwao. Akitaka ataimba, asipotaka tutangoja. Na meno yakiota, tarumbeta ataiomba yeye kwa mdomo wake. Asipoiomba, asipewe."

"Sawa, wifi."

"Sijamaliza. Mwambie mume wako kwamba katika nyumba yenu mwenye kiu ya tarumbeta ni mtu mmoja, na huyo meno yote anayo. Jumanne aende kwa ʻAisea."

"Jumanne ni darasa la watoto, wifi."

"Najua ni la watoto."

Meliame alipotoka alimkuta mumewe mabega yakimtikisika. "Nilidhani anacheka," anasema. "Nusura nami nicheke. Kumbe analia, jamani, analia kabisa."

Jumanne ilipofika, Pauliasi aliketi kwenye benchi fupi pamoja na watoto tisa, mkubwa wao ana miaka kumi, magoti yake yakimfika kifuani. Mzee ʻAisea akapita mbele yao mmoja mmoja. Alipofika kwake hakubadilisha utaratibu.

"Fungua mdomo."

Pauliasi akafungua. Mzee akachungulia kwa makini, akampiga begani. "Umepita."

Watoto walicheka wiki mbili mfululizo. Sasa wamemzoea, na yule wa miaka kumi humkaripia akishika chombo vibaya. "Anko, kaa wima! Utavimba koo!"

Hingano alikula biskuti Jumatano mbili bila kufumbua kinywa kwa jambo lingine. Jumatano ya tatu, wenzake walipokosea pale wimbo unaposhuka, alisikika akiwasahihisha kwa sauti, kisha akaendelea nao hadi mwisho kama mtu aliyesahau kwamba amegoma. Toakase alimwongezea biskuti.

Faka Mē ilipofika, Hingano alisimama peke yake na gauni jeupe na pengo lake, akaimba beti mbili bila chombo chochote. Baba yake anakiri kwamba ubeti wa pili hakuuona vizuri, macho yalikuwa yamejaa maji.

Meno mawili ya chini yamekwisha kuota. Ya juu bado hayajaanza hata kucheza. Hingano, aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akimtazama baba yake akigonga, anaulizwa kama yakiota ataomba tarumbeta.

"Sijui," anasema. "Labda ngoma."

Pauliasi anacheka, lakini anaacha kugonga. Na kama kweli hataitaka tarumbeta?

"Basi ataimba," anasema. "Sauti ni yake." Anamtuma mtoto ndani akalete maji, na anangoja mpaka afike mlangoni ndipo aendelee, kwa sauti ya chini.

"Wenzangu darasani wanajifunza wimbo wa gwaride. Mimi nimemwomba mzee ʻAisea anifundishe ule alioimba Hingano kanisani. Nataka Faka Mē ijayo akisimama, awe na mtu wa kumpigia." Anapangusa mdomo kwa kiganja, anainua tarumbeta aliyotoka kuinyoosha. "Sasa nimefika mstari wa pili wa wimbo."