Saa ya Ng'ambo

Mimi si mtu wa kuchelewa. Kwa miaka kumi na miwili niliyofundisha shule ya msingi kule Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, kengele ikilia nimeshafika darasani, chaki mkononi. Ndiyo maana mpaka leo nikiikumbuka ile Ijumaa naona aibu kwanza, halafu nacheka.

Nilikuwa nimeomba chuo kikuu mara tatu. Mara mbili niliachwa. Mara ya tatu jina langu likatoka, lakini kwa sharti: nithibitishe nafasi kwenye tovuti ya chuo kabla ya saa kumi jioni Ijumaa hiyo, la sivyo apewe mwingine. Habari ilinifikia Alhamisi jioni, kwa simu ya rafiki aliyekuwa mjini.

Enzi hizo soko huria lilikuwa limeshatuletea makampuni ya simu ya kila rangi, yakishindana kupaka nembo kwenye kuta za maduka. Rangi yalituletea, mnara bado. Sisi wa ziwani tulidandia minara ya Malawi, upande tunaouita ng'ambo. Simu ilipiga, ujumbe ulikwenda, ila intaneti kwa laini zetu za Tanzania ilikataa katakata. Ilibidi nipande mjini Mbinga, kule milimani.

Nikapata lifti kwenye lori la usipa, wale dagaa wetu. Tulipofika kijiji kimoja katikati ya milima, tairi likapasuka. Nikatazama simu: saa nane na dakika tano. Toka hapo hadi Mbinga ni mwendo wa saa moja tu. Nikakaa kwenye jiwe, nikala muhogo wa kuchoma nikilitazama ziwa kule chini, moyo mweupe kabisa.

Ndipo nikawaona wanafunzi wakitoka shule, madaftari kichwani. Damu ikanichemka. Saa nane, watoto wameshaachiwa! Nyuma yao akaja mwalimu mkuu akikokota baiskeli. Hata salamu sikumpa.

"Mwalimu mwenzangu, hapa kwenu vipindi vya mwisho anafundisha nani?"

Akaniangalia, kisha akaiangalia simu yangu. "Umetoka ziwani?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ni saa ya ng'ambo, mwalimu. Huku ni saa tisa na dakika tano."

Wa ziwani wote tunajua kwamba Malawi wako nyuma yetu kwa saa nzima, na simu ikishika mnara wao hufuata saa yao. Nyumbani hatukosei, maana tuna kengele ya shule na ya kanisa. Mimi nilisafiri na simu peke yake. Saa ya mkononi nilishaitupa kabatini, nikaiita ya kizee.

Lori lilikuwa juu ya jeki, na hata lingeondoka dakika ile nisingewahi. Nilimweleza mwalimu mkuu shida yangu. Hakucheka, Mungu ambariki. Alinionyesha kilima nyuma ya shule. "Vuka upande wa pili, kuna shamba la bibi mmoja. Kilima kinaziba ng'ambo, unabaki na mnara wa Mbinga."

Nilipanda kwa mikono na miguu, sketi nimeikunja magotini. Upande wa pili mteremko wote ulikuwa ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, kila shimo limezungushiwa matuta yenye maharage. Bibi alikuwa akipalilia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini kwenye maharage yangu?"

"Mtandao, bibi."

Hakushangaa hata kidogo. "Shimo la tatu kutoka juu. Uchuchumae, ziwa ulipe mgongo. Mwanangu wa Songea hunipata hapo. Na usikanyage matuta."

Nikaingia shimoni, nikachuchumaa. Simu ikatafuta, ikatafuta, halafu saa yake ikaruka mbele ya macho yangu: saa tisa na dakika thelathini na moja. Ukurasa ukaanza kufunguka mstari mmoja mmoja. Nikaandika namba yangu ya maombi, nikabonyeza. Mtandao ukakatika. Nikaandika tena, nikiutukana mnara kimoyomoyo kwa maneno ambayo mwalimu hafundishi. Saa kumi kasoro dakika nane jibu likaja: nafasi yako imethibitishwa.

Niliruka kutoka shimoni kama mbuzi aliyekatiwa kamba, nikapiga kelele, nikatua juu ya maharage.

Bibi akaegemea jembe. "Umepata?"

"Nimepata, bibi. Nakwenda kusoma chuo kikuu."

"Hongera sana. Sasa njoo urudishe tuta langu."

Kwanza nilipanda hadi mgongoni mwa kilima kulichungulia lori. Tairi lilikuwa limeshafungwa na dereva ananiita kwa honi. Ziwa liliponitokea tu, simu ikarudi ng'ambo: saa tisa kasoro dakika tano. Nikampungia dereva mkono asubiri, nikashuka kwa bibi, nikashika jembe. Mimi si mtu wa kuchelewa, na kwa saa yangu nilikuwa nimebakiwa na saa nzima.